Mdomo Wasema, Mate Yashuhudia

Sogezeni redio karibu tuzungumze jambo linalotugusa sote: ukweli wa majibu yetu tunapoulizwa juu ya tumbaku.

Tuseme ni asubuhi katika zahanati mojawapo ya kaunti yetu ya Kilifi. Bibi mmoja amekuja kupimwa presha. Nesi, kijana wa umri wa mjukuu wake, amefungua daftari na kuuliza, "Bibi, wewe wavuta sigara?" Bibi anashtuka. "Mimi, mwanangu? Sijaitia sigara mdomoni tangu nizaliwe." Nesi anaandika: havuti. Bibi anashukuru, anainuka, na katika pindo la leso yake mna kikebe kidogo cha ugoro. Ameubwia tangu alfajiri, na ataubwia tena kabla hajafika stejini kupanda matatu.

Je, bibi amesema uongo? Hapana. Aliulizwa sigara, akajibu sigara. Lakini lau nesi angechukua mate yake yakapimwa, kipimo kingesema kwamba mtu huyu hutumia tumbaku kila siku. Maneno ya bibi ni kweli, kipimo nacho ni kweli, na daftari limekosea.

Kosa la daftari moja laweza kuonekana dogo. Lakini hesabu za nchi nzima hujengwa kwa majibu ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2014 Kenya ilifanya utafiti mkubwa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, kwa utaratibu unaotumika katika nchi nyingi duniani. Watu wa miaka 15 na zaidi waliulizwa majumbani mwao. Ikaonekana kwamba asilimia 11.6 hutumia tumbaku ya namna moja au nyingine, yaani watu wapatao milioni 2.5. Wanaume walikuwa asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5.

Sasa tegeni sikio. Wanawake waliosema wanavuta walikuwa asilimia 0.8 tu. Waliosema wanatumia tumbaku isiyo na moshi, kama ugoro na ya kutafuna, walikuwa asilimia 3.8. Kwa hiyo anayewauliza wanawake wa Kenya juu ya sigara peke yake, na akaishia hapo, atawakosa wengi kuliko atakaowapata. Utafiti ule ulikuwa na busara ya kuuliza yote mawili. Zahanati ya bibi iliuliza moja.

Tena kumbukeni kwamba hesabu hizo zote zimetoka mdomoni. Mwaka 2015 serikali ilifanya utafiti mwingine, wa maradhi yasiyoambukiza. Watu walipimwa presha, uzito na kimo, wakatolewa damu kupimwa sukari na mafuta. Tumbaku ikabaki kuwa swali la kuulizwa na kujibiwa. Hatukumwuliza mtu, "Sukari yako ni ngapi?" tukaandika atakalosema. Sukari tuliipima. Tumbaku tulimwamini msemaji.

Wazee walisema, siri ya mtungi muulize kata. Katika jambo hili kata ipo, nayo huitwa kotinini. Mtu akivuta sigara, akinusa ugoro au akitafuna tambuu yenye tumbaku, nikotini huingia damuni. Nikotini haikai sana. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu yake huwa imekwisha. Ini ndilo linaloivunja, na sehemu kubwa, kama asilimia 70 hadi 80, hugeuka kuwa kotinini. Hiyo kotinini hutoka polepole. Huchukua kama saa 16 hadi 20 kupungua nusu, na mtumiaji wa kila siku aweza kubainika hata baada ya siku mbili tatu. Hupatikana katika damu, katika mate na katika mkojo.

Kipo kipimo kingine, cha pumzi. Moshi wa sigara huacha mwilini hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, na mtu akipuliza katika kifaa, kiasi chake husomeka papo hapo. Ni kipimo rahisi, lakini hewa hiyo hupungua nusu kwa saa nne au tano tu, na ugoro hauitoi kabisa, kwa sababu hauchomwi.

Tuone tofauti ya vipimo hivi viwili kwa mfano wa mwezi wa Ramadhani. Kijana wa Malindi amevuta sigara yake ya mwisho baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri. Amefunga mchana kutwa. Ukimpulizisha katika kile kifaa saa kumi na mbili za jioni, karibu na kufuturu, hewa ya sigara imebaki kidogo sana, na kifaa chaweza kusema huyu havuti. Chukua mate yake dakika hiyo hiyo: zaidi ya nusu ya kotinini aliyoamka nayo bado imo. Kinywa kimefunga, pumzi imesafika, lakini mate bado yanakumbuka.

Ndugu wasikilizaji, wataalamu wa dunia wamelinganisha mdomo na mwili kwa miaka mingi. Marekani imekuwa ikipima kotinini katika uchunguzi wake wa afya wa taifa tangu 1988. Mwaka 1994 yalichapishwa majumuisho ya tafiti za namna hiyo, na jambo la kwanza lililoonekana ni la kutia moyo: kwa wastani, katika kila wavutaji 100 waliothibitishwa na vipimo, wapata 87 walikiri wenyewe. Watu wengi ni wakweli. Majumuisho mengine makubwa zaidi, ya 2009, yaliyokusanya tafiti 67, yakaonyesha kwamba pengo likitokea, mara nyingi huelekea upande mmoja: wavutaji ni wengi kuliko wanaokiri. Na ukubwa wa pengo hilo hutofautiana sana baina ya watu na watu.

Kutofautiana huko ndiko kunakotufundisha. Mfano wa wazi ni Korea Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wanaume waliokiri kuvuta walikuwa kama asilimia 45, na vipimo vya mkojo vikaonyesha 50. Hapo pengo ni dogo. Kwa wanawake, waliokiri walikuwa asilimia 5.9, na vipimo vikaonyesha 13.9. Maana yake, katika kila wanawake saba wanaotumia, wapata wanne walijificha.

Kwa nini wanawake? Wanawake wa Korea hawana uongo kuliko waume zao. Wanaume huko huvuta hadharani na hakuna anayewatazama mara mbili. Mwanamke akionekana na sigara, atasemwa yeye, atasemwa mamake, atasemwa na aliyemwoa. Swali ni lile lile, lakini bei ya kulijibu haikuwa moja. Mwanamume alilipa neno. Mwanamke alitakiwa kulipa heshima yake.

Sisi wa pwani habari hiyo hatuhitaji kufasiriwa. Hapa kwetu kuna kitu kinaitwa sitara. Mtu hufunikwa, na mtu hujifunika. Kijana anayevuta maskanini akimwona ami yake anakuja, sigara huishia chini ya kandambili. Kwake si udanganyifu, ni adabu. Akitoka hapo akaulizwa na mgeni mwenye fomu, amekaa barazani na mama yuko mlangoni akisikiliza, atasema nini? Atasema, "Sivuti." Amemsitiri mamake. Mwenye fomu ameandika sifuri.

Kwa hiyo jibu la tumbaku lina masikio zaidi ya mawili. Linategemea nani anauliza, ni wa ukoo gani, anakaa mtaa upi, na nani mwingine yuko karibu. Mwuliza swali akiwa jirani, utaogopa maneno kufika nyumbani. Akiwa msichana mdogo mbele ya mzee, mzee ataona haya.

Watafiti wa hapa kwetu wamelitambua jambo hili. Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, na watu wake wamezoea kuulizwa maswali ya afya kuliko pengine watu wa kaunti nyingine yoyote. Mwaka 2018 watafiti wa hapo, miongoni mwao Derrick Ssewanyana na Amina Abubakar, walichapisha dodoso walilolitunga mahususi kwa ajili ya kuwauliza vijana wa Kilifi juu ya mienendo ya hatari, tumbaku ikiwemo. Katika kazi zao na vijana wakatumia pia kompyuta yenye sauti. Kijana huvaa vipokea sauti masikioni, akasikia swali peke yake, akagusa jibu mwenyewe. Hakuna uso wa kuonea haya, wala jirani wa kusikiliza. Ni sitara ile ile ya pwani, ila sasa inamlinda msema kweli.

Lakini faragha peke yake haitoshi. Lugha nayo ina lake. Tazameni neno tunalolitumia leo kwa mtu aliyetawaliwa na dawa: mraibu, na hali yake uraibu. Zamani uraibu vilikuwa ni vile vitu vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, katu, chokaa na tumbaku. Mgeni alikaribishwa kwa uraibu. Baadaye ndipo neno likahamia kwenye mazoea yasiyoachika. Lugha yetu iliujua uhusiano wa tumbaku na mazoea hayo kabla ya maabara kujengwa. Bali huyo anayetafuna tambuu yake baada ya chakula hajioni kuwa mtumiaji wa tumbaku hata kidogo. Kwake anakula tambuu.

Ndivyo ilivyo na ugoro. Wengi huuita dawa: dawa ya mafua, dawa ya jino, dawa ya kichwa. Na huo ugoro huchanganywa na magadi, kama tambuu inavyotiwa chokaa. Magadi na chokaa huifungua nikotini ikapenya haraka kwenye nyama laini za mdomo na pua. Kisha tuna mvutaji wa mojamoja. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara chini ya pakiti ya kumi, lakini kijana anayenunua moja kibandani na kugawana nusu na mwenzake hana pakiti ya kumkumbusha amevuta ngapi. Ukimwuliza, "Wewe ni mvutaji?" atasema la, kwa maana mvutaji, kwake yeye, ni yule mwenye pakiti mfukoni.

Basi tukilikuta pengo baina ya mdomo na mate, tusikimbilie kumwita mtu mwongo. Pengine aliona haya. Pengine hakuulizwa kwa jina la kitu chake. Kabla hujamlaumu aliyejibu, likague swali.

Nanyi mnaoamini mashine kuliko watu, nina neno kwenu pia. Mwili nao husomwa vibaya. Mfikirieni mama karanga, yule mama anayenunua samaki ufuoni na kuwakaanga kwa kuni kuanzia alasiri hadi usiku. Jiko lake ni la makuti, moshi umelijaza, naye ameinama juu ya karai. Mkimpulizisha katika kifaa cha pumzi, chaweza kupanda kama anavyopanda mvutaji, maana kuni hutoa hewa ile ile ya sumu. Mama huyu hajawahi kushika sigara. Mkimwandika mvutaji mmemdhulumu. Kipimo cha kotinini kingemwokoa, kwa sababu moshi wa kuni hauna nikotini.

Mchukueni mjamzito. Katika ujauzito mwili huivunja kotinini haraka zaidi. Badala ya saa 16 na zaidi, hupungua nusu kwa saa tisa hivi. Kipimo kilichowekewa mpaka kwa watu wasio na mimba chaweza kumpita mama anayebwia ugoro asimwone.

Mchukueni mtoto wa nyumba ambayo baba huvuta chumbani. Kotinini itaonekana katika mate yake, kwa kiwango cha chini, naye hana kosa. Ndiyo maana huwekwa mpaka: chini yake ni moshi wa wengine, juu yake ni tumbaku ya mwenyewe. Wamarekani kwa muda mrefu walitumia nanogramu 14 au 15 kwa kila mililita ya damu. Baadaye, moshi ulipopungua katika majengo yao, wataalamu wakapendekeza mpaka ushushwe hadi 3. Watu wa asili tofauti pia hawaivunji kotinini kwa kasi moja. Kwa hivyo mpaka wa kwetu yafaa tuutafute kwetu.

Na muguka, ule wa kutafuna, ambao umezua mabishano makubwa hapa pwani tangu mwaka 2024? Kipimo cha kotinini hakiuoni, kwa sababu hauna nikotini. Kata huchota kwenye mtungi iliotiwa, haichoti kwenye mitungi yote.

Mtauliza, na haya yote yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Mficha maradhi, kifo humwumbua. Daktari anayekutayarisha kwa upasuaji anahitaji kujua kama unavuta, kwa usalama wa mapafu yako na kupona kwa kidonda. Mgonjwa wa kifua kikuu anayevuta hupona kwa shida kuliko asiyevuta. Mjamzito anayetumia tumbaku, iwe ya moshi au ya ugoro, humhatarisha mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Na tumbaku isiyo na moshi imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Bibi yetu wa leo asubuhi ameandikwa kuwa salama. Hakuna atakayemfungua kinywa kutazama kama ana kidonda kisichopona, kwa sababu daftari limesema hana sababu ya kuwa nacho.

Najua wako wanaosema, basi na tupimwe sote, mambo yaishe. Nawaomba wawe na pole. Watu wa Kilifi wana kumbukumbu ndefu juu ya damu. Watafiti wenyewe wameandika jinsi uvumi na hofu vilivyoenea vijijini juu ya damu inayochukuliwa, na jinsi walivyolazimika kukaa na watu, kueleza, na kuwaacha wanavijiji wachague wawakilishi wao. Mate ni mepesi kuliko damu, lakini ridhaa ni ile ile. Mtu aambiwe kinachopimwa, aambiwe nani ataona jibu, na awe na haki ya kukataa.

Malindi inalijua jambo hili la kupima watu kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 shirika la The Omari Project limekuwa likiwahudumia waraibu wa heroini mjini, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ya kuwatibu ikafunguliwa katika hospitali ya Malindi. Katika huduma kama hizo mkojo hupimwa, na aliyeonekana kurudia heroini hapaswi kufukuzwa wala kutiwa pingu. Huitwa, wahudumu wakazungumza naye. Kipimo kikitumika hivyo, mtu hujifunza kusema kweli, kwa kuwa kweli haimtupi nje. Kikitumika kumfedhehi mtu, atatafuta njia ya kukidanganya.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu.

La kwanza ni kwenu mnaopanga tafiti za taifa na za kaunti. Damu na mkojo mnavichukua tayari kwa mambo mengine. Wachagueni watu wachache miongoni mwa wale mnaowauliza, na kwa ridhaa yao pimeni kotinini, ili tujue pengo la kwetu lina ukubwa gani, kwa wanaume na kwa wanawake, kwa wazee na kwa vijana. Hamhitaji kumpima kila mtu. Kipimo cha wachache chatosha kusahihisha swali la wengi.

La pili ni kwenu wauguzi, na wahudumu wa afya ya jamii mnaoingia majumbani. Ulizeni kila kitu kwa jina lake: sigara, ugoro, tambuu yenye tumbaku, shisha, tumbaku ya kutafuna, na hivi vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo. Msiulize, "Wewe ni mvutaji?" Ulizeni, "Jana ulitumia nini, na mara ngapi?" Mtengeni mtu kando, mama mkwe asisikie. Na akikiri, msimhutubie. Mwambieni ahsante, kisha mwulizeni kama angependa kuacha.

La tatu ni letu sote. Tukimsitiri mtu mbele ya jirani, tumefanya uungwana. Tukijificha mbele ya anayetutibu, tunajidhulumu wenyewe. Kikebe kilicho katika pindo la leso hakina haja ya kutangazwa sokoni. Kina haja ya kujulikana na mtu mmoja, aliyeapa kutunza siri.

Nesi wangu, kesho asubuhi bibi akirudi kupima presha, mwulize juu ya ugoro. Atakujibu.